Fundo Mkononi mwa Valentino

Mzee Beda hakukubali kuketi kabla hajalitoa lile fundo. Alichomoa mfukoni mwa koti kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, akakiweka juu ya meza ya Sajenti Hildegarda, kituoni Kilosa, akakifungua kwa ncha za vidole.

"Marehemu alikuwa amelishika hili," alisema. "Mimi ndiye niliyemwosha. Mkono wa kushoto ulikataa kufunguka. Nikamsemesha kwanza. Nikamwambia, Valentino mwanangu, umeshafika Kisanga, achia. Ndipo akaachia."

Ndani ya kitambaa mlikuwa na majani mawili marefu kama utepe, upana wa kidole, yamekauka yakawa rangi ya majani ya chai. Yote mawili yalitoka kwenye shina moja. Shina lilikuwa na nywele ngumu nyeusi, na tope la kijivu lililoshikamana nalo kama saruji. Katikati, majani yalikuwa yamefungwa fundo.

Sajenti Hildegarda hakuhitaji kuambiwa ni fundo gani. Mtoto yeyote aliyewahi kumfuata mama yake shambani mlimani analijua. Anayetangulia akifika kwenye njia panda anafunga nyasi, ili anayemfuata asipotee.

"Mbona hukulileta juzi, mzee?"

"Juzi tulikuwa tunazika."

Sajenti alikivuta kitambaa karibu. Kisha akamgeukia Costancia, mjane wa Valentino, aliyekuwa kwenye benchi ukutani na mtoto mgongoni.

"Dada, fundo hili unalitambua?"

"Ni lake." Costancia hakusogea. "Angalia mkia. Watu wote wanauacha nje, yeye anaukunja unarudi ndani. Mama mkwe alikuwa anamcheka, anamwambia, Valentino, unafunga njia au unafunga mzigo wa kuni?"

Alitaka kucheka, ikashindikana. Akaanza kumtikisa mtoto ambaye hakuwa analia.

"Afande, Zabron ataondoka kesho kweli?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Anapelekwa pwani, kesi ikasomwe huko ilikotokea."

"Ya kuua."

"Ya kuua."

"Walikwenda wawili," alisema Costancia. "Nataka tu kujua aliyerudi ni nani."

Jalada lilikuwa jembamba. Siku tisa nyuma, Valentino wa Kisanga na Zabron wa Chanzuru walikuwa pwani ya kusini, wakimzamia Mudathir majongoo ya bahari. Mudathir ni mtu wa hukuhuku, babu yake aliletwa na reli, lakini miaka ishirini yote amekula baharini. Valentino alikufa maji saa nne asubuhi. Mudathir aliuleta mwili kwa gari lake, akasimama kaburini mbele ya watu wote, akamnyooshea Zabron kidole: huyu ndiye aliyemkatia mwenzake mpira wa hewa, kwenye mkondo, chini mita thelathini. Akatoa na kisu. Kwenye mpini palikuwa na herufi Z iliyochomwa kwa msumari wa moto. Polisi walimchukua Zabron palepale, mikono yake ikiwa bado na udongo wa kaburi.

Sajenti alikibeba kile kitambaa mpaka chumba cha mahojiano.

Zabron aliletwa bila viatu. Alipoliona fundo alikaa chini polepole, kama mtu anayekalia kitu asichokiamini.

"Unalijua?"

"La Valentino."

"Nyasi hizi zina mizizi na tope. Kazing'oa nchi kavu. Kwa hiyo hakufia majini. Mlikuwa porini, ufukweni, popote pale, lakini si baharini. Ulimfanya nini, Zabron?"

"Tulikuwa baharini, afande."

"Baharini hakuna nyasi."

"Zipo. Ni shamba. Shamba zima la nyasi, chini ya maji." Alimwangalia usoni. "Hata mimi nisingeamini."

Sajenti Hildegarda alizaliwa Kilosa, akasomea Morogoro, na bahari aliiona mara moja tu kutoka kwenye dirisha la ofisi alikokwenda kwa kozi. Alichukua kalamu akaandika: Mtuhumiwa anadai kuwa chini ya bahari huota nyasi. Anadanganya.

Zabron aliyasoma maneno yale kutoka upande wa pili wa meza, yakiwa kichwa chini.

"Umesoma mpaka wapi?"

"La saba. Shule ya misheni."

"Basi eleza vizuri, niandike vizuri."

Akaeleza. Siku ile waliamka alfajiri, mwezi mpevu, hata tochi hawakuwasha. Saa moja asubuhi boti ilitia nanga mahali ambapo maji yalikuwa ya hudhurungi kwa tope la mto. Yeye masikio yalikuwa yanamtoka usaha, akaachwa juu kulinda mpira wa hewa. Valentino alishuka kwa kamba ya nanga. Hawakuwa waogeleaji. Wazamiaji wa Mudathir walitembea chini, mkanda wa vyuma kiunoni, mpira mdomoni, kompresa ikinguruma kwenye boti.

"Kule chini unauona mkono wako, kiwiko hukioni," alisema Zabron. "Kazi yote ni ya magoti. Unapapasa. Sasa Valentino, tangu siku tulipoanza kuzama, akawa anafunga majani njia nzima, kuanzia kwenye nanga, apate kurudi. Nilimcheka. Nikamwambia, hapa hapiti mtu, unamfungia nani? Akasema najifungia mwenyewe."

"Saa nne?"

"Boti ikaanza kukwaruza chini. Mimi sikuelewa inakwaruza nini. Mudathir akapiga kelele, vuta mpira, vuta mpira. Mpira umenasa. Akanipokonya kisu kiunoni, akaukata, akawasha injini, maana mimi siijui, tukakimbilia kwenye mkondo. Akaniambia tutamrudia."

"Kwa nini hukuruka?"

"Sijui kuogelea. Na tangu siku ya kwanza alituambia pale ni mita thelathini." Zabron aliangalia mikono yake. "Nilishika ukingo wa boti nikamwita jina. Nimeita mpaka sauti ikakauka."

Sajenti aliweka kalamu chini.

"Usiniamini mimi," alisema Zabron. "Muulize mtu yeyote aliyezaliwa pwani kama hizo nyasi zipo. Mtu mmoja tu, afande."

*

Koplo Urbanus ndiye aliyekuwa akiendesha. Alikuwa na simulizi kuhusu kila shimo la barabara ya kwenda Mikumi, na mashimo yalikuwa mengi.

"Mtu wa pwani yupo," alisema. "Mama Somoe, mtu wa Kilwa. Anakaanga samaki pale malori yanapolala. Ila nikuonye, afande, ana mdomo."

"Wewe amekufanya nini?"

"Aliniambia mkono wangu wa kunyofoa samaki ni wa mtu aliyelelewa na kuku."

Mama Somoe alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, amejifunga kanga mbili na kukalia kigoda mbele ya karai la mafuta. Upande wa kulia alikuwa na sinia ya unga wa ngano wa kupakia samaki. Lori la mbao lilipita na kuwafunika wote vumbi, yeye akafunika unga kwa kiganja kama anayemkinga mtoto jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Na huyu kifaranga wako naye karibu." Urbanus alitazama barabarani.

Sajenti akafungua kitambaa. Mama Somoe alifuta mikono kwanza. Akalishika jani, akalikwangua kwa ukucha, vidoa vyeupe vikabanduka kama magamba. Akaviweka ulimini.

"Limefika vipi huku bara?"

"Unalijua?"

"Nimekulia juu yake. Hizi ni nyasi za bahari, tena hizi ndefu za kwenye tope. Hivi vyeupe ni vidudu, vinajenga nyumba juu ya jani. Huwezi kuvipata nchi kavu hata ukilia." Akalinusa. "Wiki mbili hazijapita lilikuwa hai."

Kwenye begi la Sajenti mlikuwa na karatasi iliyoandikwa *anadanganya*, yenye sahihi yake.

"Mama, mimi bahari siijui. Nifundishe kama unavyofundisha mtoto."

Mama Somoe alimtazama kidogo, akaona si mzaha. Akavuta sinia mapajani na kusawazisha unga kwa kiganja.

"Watu wa bara mnadhani mtu akikanyaga maji tu, shimo. Hapana. Bahari yetu ina baraza. Nyumba ni hii nchi kavu, halafu baraza, ndipo uwanja. Ukitoka asubuhi na mtumbwi wa kasia, adhuhuri bado uko barazani." Alichora mstari kwenye ukingo wa mbali wa sinia. "Huku ndiko kwenye ukingo. Mwamba umekaa hapa, mawimbi yanavunjika. Ukiuvuka, chini hakuna chini. Ndicho kilindi. Huko hatuendi."

"Na hapa katikati?"

"Hapa ni nchi, mwanangu. Ina majina kama vijiji. Hapa mto unamwaga tope." Akalowesha kidole, akadondosha tone, unga ukashikana. "Pembeni ya tope, mashamba ya nyasi. Nyasi zinataka jua, haziendi chini sana. Hapa mafungu ya mchanga, mwaka huu yako hapa, mwakani yamehama. Na huu," alipitisha kidole kwa nguvu, akafukua mfereji mpaka bati la sinia likaonekana, "huu ni mkondo. Maji yanaingia na kutoka kwa nguvu, yamechimba. Chini kumefagiliwa. Mchanga mtupu na giza. Hakuoti kitu."

"Hata jani moja?"

"Litaota vipi? Hebu nenda kapande mahindi katikati ya hii barabara."

Sajenti alilitazama bonde lile la unga. Kutoka kwenye alama ya nyasi mpaka kwenye mkondo palikuwa na urefu wa kiganja.

"Siku aliyofariki mtu huyu, mwezi ulikuwa mpevu."

"Basi ni bamvua. Maji yanakwenda mbali na kurudi kwa kishindo. Saa kumi alfajiri yamejaa pomoni. Saa moja asubuhi, hapo kwenye nyasi, kina ni watu wawili, mmoja kasimama mabegani mwa mwenzake."

"Na saa nne?"

"Saa nne ndiyo saa yetu sisi wanawake," alisema Mama Somoe, akageuza samaki kwenye karai. "Tunaingia kwa miguu kutafuta pweza. Palipo shimoshimo unaipandisha kanga mpaka kwapani."

Urbanus alikuwa ameshika kipande cha samaki. Alikirudisha kwenye sahani.

"Maji yanaondoka?" aliuliza. "Yanakwenda wapi?"

Kwa mara ya kwanza Mama Somoe hakumtania.

"Hamjui kuwa yanaondoka?" alisema.

*

Mudathir alikuwa kwenye ua wa nyumba ya wageni hapohapo Mikumi, anakula wali na maini. Gari lilikuwa limeshafungwa turubai kwa safari ya Iringa. Aliwakaribisha kwa tabasamu la mtu aliyezoea askari.

"Dada Hildegarda. Sisi ni watoto wa Kilosa, tungeongea hata kwa simu."

"Kaka, ni utaratibu tu. Jalada linaondoka kesho, nisingependa wa kule waone kazi yetu haijakamilika. Wewe ndiye shahidi mkuu."

"Hapo sawa."

Urbanus alifungua karatasi za maelezo. Sajenti aliuliza taratibu, akirudia kila jibu ili liandikwe.

"Ajali ilitokea saa ngapi?"

"Saa nne kamili. Saa nne na dakika kumi nilipiga simu kambini. Simu hii hapa, angalia."

"Mahali?"

"Mkondoni. Mita thelathini."

"Boti ilihama asubuhi hiyo?"

"Haikuhama. Tulitia nanga mkondoni saa moja, tukabaki hapohapo."

"Nifafanulie chini pakoje. Wenzangu wa kule wataniuliza."

"Chini ya mkondo?" Alipangusa mdomo. "Mchanga. Giza. Panatisha, si mahali pa mwoga."

"Mawe? Majani?"

"Hata jani moja. Mkondo haulei kitu."

"Andika hivyo, Urbanus. Hata jani moja. Kaka, soma, kisha weka sahihi kila ukurasa."

Mudathir aliweka sahihi tatu, kubwa, zenye mikia. Sajenti alizikausha kwa kuzipepea, akazitia kwenye jalada, akafunga jalada. Ndipo akatoa kitambaa.

Mudathir hakuuliza ni nini.

"Lilikuwa mkononi mwake," alisema Sajenti.

"Majani yanaelea. Limemnasa."

"Likaelea, likajifunga fundo?"

"Ala! Alilifunga asubuhi. Tulianzia kwenye nyasi kidogo, baadaye ndipo tukaenda..."

"Ukurasa wa pili. Boti haikuhama."

Mudathir alisukuma sahani.

"Na tazama shina," aliendelea Sajenti. "Mtu anayefunga njia haling'oi jani, maana akiling'oa njia imekufa. Huyu alifunga akaliacha hai. Baadaye alirudi akalishika, akajivuta nalo mpaka likang'oka na mizizi, akafa amelishika. Alikuwa anafuata mafundo yake kurudi kwenye nanga. Nanga haikuwepo. Nani aliing'oa?"

"Zabron ndiye..."

"Zabron hajui kuwasha injini. Saa nne, mwezi mpevu. Maji kwenye nyasi yalikuwa kiasi gani?"

Barabarani lori lilishusha gia. Mudathir aliangalia lango, akamwona Urbanus ameshasimama hapo.

"Mnataka nini?" alisema, na sauti ilianza kupanda. "Boti ingekwama! Bamvua likikukalisha juu ya fungu, mashine inapasuka, doria wanakukuta mchana kweupe na mzigo wa magendo. Ningefanyaje? Nilijua atasimama! Mtu mzima, maji ya kifuani, unashindwa vipi kusimama? Angenyanyuka tu. Angenyanyuka tu yule mjinga, akavua miwani, akanitukana, basi!"

Kalamu ya Urbanus ilikuwa inaandika. Ilipofika kwenye *kifuani* ilisimama, kisha ikaendelea.

"Uliwahi kumwambia kwamba maji yanakupwa?"

"Hilo si la kuambiwa. Kila mtu anajua."

"Kisanga hawajui."

"Sasa mimi..."

"Wewe uliwaambia mita thelathini."

"Niliwaambia ili watulie chini wafanye kazi!" Mudathir aligonga meza. "Watu wa pwani ukiwachukua, maji yakianza tu kuondoka nao wanapanda, kazi imekwisha. Hawa wa milimani hawatazami juu."

Aliyasema hayo, akayasikia. Sajenti akatoa pingu.

"Hayo pia yaandike, Urbanus."

*

Walifika Kilosa jua likiwa limeegemea milima. Mudathir alipitishwa mlango wa pembeni. Sajenti Hildegarda alimweleza mkuu wa kituo kwa dakika ishirini akiwa amesimama, na safari ya Zabron ikafutwa.

Palibaki jalada. Karatasi ya polisi haichanwi. Alichora mstari mmoja juu ya neno *anadanganya*, akaweka sahihi pembeni na tarehe. Chini ya mstari neno lilisomeka vilevile.

Costancia alikuwa bado kwenye benchi. Sajenti alikaa kando yake.

"Aliyerudi ni Zabron," alisema. "Yuleyule aliyeondoka."

Costancia aliinamisha kichwa. Baadaye akamfungua mtoto mgongoni akampa ziwa.

"Basi nitamngoja," alisema. "Giza linaingia, na hana wa kwenda naye."

Zabron aliletwa chumba cha mahojiano, akapewa viatu vyake na maelezo yaliyopigwa chapa, yake pamoja na ya Mudathir, asome kabla ya kuachiwa. Sajenti alitaka kumsomea yeye. Zabron akasema hapana, atasoma mwenyewe, maana mara ya kwanza aliyasoma yakiwa kichwa chini.

Kurasa nne. Alisoma akifuatisha kwa kidole, midomo ikicheza, jinsi walivyofundishwa misheni. Ukurasa wa kwanza alitikisa kichwa kukubali. Wa pili alisema "ndiyo" mara mbili, kwa sauti ndogo, furaha ikaanza kumjia usoni kama mtu aliyepata nafuu ya homa. Kwenye ukurasa wa tatu kidole kilisimama.

Kikarudi nyuma mstari mmoja. Kikasoma tena.

Sajenti Hildegarda alijua ni mstari upi, ule wa maji ya kifuani.

Zabron alisimama. Hakuwa mrefu. Aliweka kiganja kifuani, chini kidogo ya shingo, akamtazama Sajenti. Sajenti akatikisa kichwa kukataa. Zabron akakishusha kiganja taratibu mpaka kikafika usawa wa chuchu.

"Hapa?"

"Hapo," alisema Sajenti.

Mlango ulikuwa wazi, na nje Costancia alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni, anamngoja. Zabron alibaki amesimama katikati ya chumba, kiganja kifuani, anaangalia chini kwenye miguu yake, saruji kavu pande zote.